Usukani Mbele ya Televisheni

Lori lilikuwa limeshatoka getini, linakata kona kuelekea barabara ya Njoro, na aliyekuwa kwenye usukani ni Peterson. Kiwiko nje ya dirisha, kofia imesukumwa nyuma ya kichwa, honi inalia hata pasipo na mtu wa kupigiwa honi. Kipkoech alisimama na mnyororo wa geti mkononi, moshi wa lori aliloliendesha miaka mingi ukimwingia puani, akatega sikio. Gia ya pili iliingia kwa kelele za chuma. Peterson aliichapa gia ile kama mtu anayepasua kuni.

"Utamaliza meno ya hiyo gia," Kipkoech alisema, lakini lori lilikuwa limeenda, na hakuna aliyemsikia isipokuwa kuku wa gereji.

Akafunga geti kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umelala ubavuni, kazi yake kubwa siku hizo ikiwa ni kujaza mkono wa sweta.

Ajali yenyewe ilikuwa ya kijinga. Walikuwa Keringet wanapakia viazi, na kukaza kamba ya turubai ni kazi ya tanboi, msaidizi wa dereva, kila mtu anajua. Lakini Kipkoech hakuwahi kuamini fundo la mtu mwingine. Akapanda mwenyewe juu ya mzigo, akaegemea nyuma kuivuta kamba kwa uzito wake wote, kamba ikakatika, akaja chini kwa bega. Hospitali walimrudishia mfupa mahali pake, wakamfunga, na baada ya wiki kadhaa wakamfungua. Mfupa ulikuwa umepona. Bega ndilo lililogoma. Mkono uliinuka mpaka usawa wa kifua, hapo ukakwama kama droo iliyovimba kwa unyevu.

Nesi alimwonyesha zoezi. Simama karibu na ukuta, tembeza vidole kwenda juu, pole pole, asubuhi na jioni, hata ikiuma. Kipkoech alijaribu siku chache katika chumba chake cha mtaa wa Bondeni. Mtu mzima, mwenye mke na watoto nyumbani Keringet, anatambaza vidole ukutani kama anayetafuta kunguni. Akaacha. Nesi akimuuliza, anasema anafanya.

Mwenye lori alikuwa Shabir, Mhindi Mwislamu ambaye babu yake alifika Nakuru wakati reli bado mpya. Hakuwa mtu mbaya. Dereva akiumia, wengine humwambia aende nyumbani. Shabir alimpa Kipkoech geti alilinde, na mshahara ukapungua kidogo tu. Lakini mwezi wa kwanza, mwaka huo wa sabini na nane, alimwita ofisini akaongea bila kuzunguka.

"Kipkoech, sikiza. Sasa ni kiangazi. Barabara kavu, hata mpishi yangu naweza peleka gari Keringet. Mvua ikianza, nataka mtu. Kama mkono yako iko sawa mvua ikianza, kiti ni yako. Kama hapana, kiti ni ya Peterson, na wewe geti ni yako mpaka uzeeke. Siwezi weka madereva wawili kwa lori moja."

"Ni haki, bwana."

"Usiseme ni haki. Pona."

Sasa, wanaoendesha magari ya siku hizi hawataelewa. Malori yale hayakuwa na mashine ya kukusaidia usukani. Lori likiwa na mzigo, lilitaka bega. Tena mkono wa kushoto una kazi ya gia, kwa hiyo penye kona na kilima, penye shida yenyewe, ule wa kulia unabaki peke yake na gari zima. Kipkoech alijua hivyo kuliko mtu yeyote. Ndiyo maana alikuwa akisimama pale getini kila asubuhi na roho chini.

Yadi ya Shabir ilipakana ukuta na duka la Gopal, fundi wa redio. Siku moja baada ya chakula cha mchana, redio ya ofisini ilianza kukoroma, Shabir akamtuma Kipkoech aipeleke. Aliikumbatia kwa mkono mmoja, akasukuma mlango kwa kiatu, na akasikia kitu ambacho hakikuwa redio. Tok. Kimya kidogo. Tok.

Siku hizo televisheni haikuanza mpaka jioni. Mchana ilikuwa sanduku la kuwekea picha za harusi juu yake. Lakini ile ya Gopal ilikuwa inawaka mchana kweupe. Kwenye kioo cheusi palikuwa na mstari mweupe katikati, kijiti cheupe huku, kijiti cheupe kule, na kidoa cha mraba kinaruka baina yao, tok, tok. Mbele ya kioo alikaa mama yake Gopal, Mama Shanta, mjane mnene mwenye miwani, sari ameipandisha kidogo ili miguu ipumue, na mapajani ana kisanduku chenye kidude cha kuzungusha. Gopal mwenyewe alikuwa na kisanduku kingine, lakini macho yake yalikuwa kwenye meza ya kazi.

"Ni nini hiyo?" Kipkoech aliuliza.

"Mpira wa meza, wa televisheni. Dada yangu Madhu ameleta kutoka Leicester," Gopal alisema. "Ilikuwa zawadi ya watoto. Mama amefukuza watoto."

"Watoto nacheza mbaya," Mama Shanta alisema bila kugeuka. "Hata hii Gopal nacheza mbaya. Wewe askari, weka redio chini. Kuja, kaa."

Kipkoech alikaa. Alishika kisanduku kwa goti na kuzungusha kidude kwa mkono wa kushoto. Kijiti chake kiliruka juu kabisa, kikaanguka chini kabisa, na mpira ukapita katikati kwa starehe zake. Akazungusha tena, mpira ukapita tena. Mama Shanta alikuwa anahesabu pointi zake kwa Kigujarati, polepole, kama anayepima sukari.

"Wewe si ndiyo dereva ya Shabir?"

"Nilikuwa, Mama."

"Naona kwa nini alitoa wewe."

Gopal akacheka, akajifanya anakohoa. Kipkoech masikio yakamwaka moto.

"Mama, hiki ni kifuniko cha soda," alisema. "Mimi sikusomea kuendesha kifuniko. Nipe usukani wa kweli, ndiyo tuone nani ni nani."

Alisema hivyo ili apate njia ya kutoka na heshima yake. Lakini Gopal alikuwa mtu ambaye hawezi kukiona kitu kimefungwa akakiacha. Aliangalia kidude, akaangalia bega la Kipkoech, akaangalia redio iliyokuwa mezani tumbo wazi. Ndani ya redio za zamani, ukizungusha stesheni, kuna uzi unaozunguka gurudumu dogo na kuvuta ule mshale. Gopal alikuwa amebadilisha nyuzi hizo tangu akiwa kijana.

"Uzi," alisema, kama anayejijibu mwenyewe. "Uzi unaweza."

Nyuma ya gereji palikuwa na rundo la vyuma, na humo mlikuwa na usukani wa lori lililokufa zamani, mpana kama sinia la pilau. Shabir aliambiwa, akasema chukueni, mnipunguzie uchafu. Gopal akaulaza juu ya meza ya chuma, umelala chali kama unavyolala kwenye lori, akaupa mhimili na beringi mbili, akafunga uzi wa redio kutoka kwenye mhimili mpaka kwenye kidude cha mchezo. Ukizungusha usukani mzunguko mzima kushoto, kijiti kinapanda polepole. Kulia, kinashuka. Watu wa mtaani walikuja kuchungulia dirishani. Mmoja aliuliza kama sasa Wahindi wanaendesha nyumba mpaka Mombasa.

Siku ya kwanza usukani ulizunguka kama sahani. Kipkoech akaucheka.

"Hii ni ya watoto, Gopal. Lori ni nzito."

"Nzito kiasi gani?"

"Nzito tu."

"Nzito si kipimo," Gopal alisema, na akaondoka na hasira za kifundi.

Kesho yake usukani ulikuwa umebadilika. Gopal alikuwa amekata tyubu kuukuu vipande vyembamba, akaviviringisha kwenye mhimili na kuvikaza kwa skrubu. "Nimepima na lori lenyewe," alisema. "Sasa usiniambie ni ya watoto."

Kipkoech hakuuliza alipima vipi. Aliushika usukani, akavuta, na usukani ukamwangalia tu. Akavuta tena kwa mikono yote miwili. Ukasogea kidogo, kwa mlio wa mpira unaosagwa. Mama Shanta alimaliza mchezo bila kutoa jasho, akamaliza wa pili, na wa tatu aliucheza huku anakula karanga. Kipkoech alitoka mle ndani shati limelowa mgongo mzima, bega linapiga kama ngoma, na kijiti chake hakikuwa kimefika hata nusu ya kioo.

Ungetegemea asirudi. Lakini alirudi, na hakurudi kwa sababu ya bega, bega alikuwa amelisahau. Alirudi kwa sababu alikuwa ameshindwa na mama wa kula karanga. Ukuta wa chumbani kwake haukuwahi kumcheka. Mama Shanta alicheka kila siku, kicheko kidogo cha puani, na kicheko kile kilifanya kazi ambayo dawa ya hospitali haikufanya.

Wiki moja ikapita. Kijiti kikaanza kufika juu. Kipkoech akaanza kujisifu kidogo, mpaka Mama Shanta akasimamisha mchezo, akashusha miwani.

"Wewe nadanganya mimi."

"Nimedanganya nini, Mama?"

"Mkono moja nafanya kazi, mkono moja nalala juu ya usukani kama mwenye nyumba. Mimi naangalia."

Ilikuwa kweli. Ule wa kushoto ndio uliokuwa unavuta, wa kulia umewekwa tu. Kipkoech hata hakujua kama anafanya hivyo. Mama Shanta akamwita Gopal, wakaongea Kigujarati, na Gopal akaleta debe la mchanga lenye mpini wa ufagio uliosimikwa katikati. Akaliweka upande wa kushoto wa kiti.

"Hii gia," Mama Shanta alisema. "Mkono ya kushoto kaa hapa. Ikitoka, pointi yangu."

"Mama, huo mwingine hauwezi peke yake."

"Basi mimi nashinda. Hapana shida."

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Mkono wa kulia peke yake, usukani umelala, na ili uuzungushe lazima mkono upande upite juu, uende mbele, urudi. Siku za kwanza Kipkoech aliuma meno mpaka taya zikauma kuliko bega. Mkono wa kushoto ulikuwa ukichomoka wenyewe kwenye mpini, kama mtoto anayekimbilia chakula, na kila ukichomoka Mama Shanta alisema "Yangu", akaongeza pointi. Gopal alipoona magoti ya Kipkoech yanagonga meza, aliinua meza kwa matofali. Mkono ukalazimika kupanda zaidi. Hakuna aliyesema neno mazoezi. Walikuwa wanagombania mpira.

Na Mama Shanta, pamoja na ubishi wake, alifundisha. "Wewe nafukuza mpira," alimwambia mchana mmoja. "Juu, chini, juu, chini, kama mtu nafukuza kuku. Hii usukani yako mzito. Ukifukuza, utachelewa. Angalia yeye naenda wapi, halafu enda ngoja yeye huko."

Kipkoech akaacha kufukuza. Pointi zake zikaongezeka, na pumzi pia.

Asubuhi moja Bondeni alifua shati, akalianika, akageuka aende zake. Jirani yake Nabalayo, muuza maandazi, alikuwa mlangoni na beseni lake.

"Kipkoech, hiyo ni kamba yangu umeanikia."

"Samahani, mama. Sikuangalia."

"Si kamba ninayosema. Nasema umefikaje? Juzi uliniomba nikuanikie hata soksi."

Kipkoech aliangalia. Kamba ilikuwa juu ya kichwa chake. Aliinua mkono wa kulia, akaishika, akaiachilia. Akaishika tena. Nabalayo alimtazama mtu mzima akicheza na kamba ya nguo, akatikisa kichwa, akaingia ndani na beseni lake.

Kilichobaki kilikuwa Peterson. Yeye hakuwa adui, alikuwa kijana mwenye mdomo na kazi tamu mkononi ambayo hakutaka kuiachia. Kila akirudi na lori, alipunguza mwendo getini.

"Mzee Kipkoech, nasikia siku hizi unaendesha televisheni. Leo umefika wapi?"

"Nimepita Molo, naja."

"Na pancha haziko huko?"

"Ziko. Lakini dereva wa huko anajua kubadilisha gia."

Tanboi kule juu ya mzigo alicheka mpaka akashikilia kamba, na Peterson akaingia yadi akiwa amenuna.

Mwishoni mwa mwezi wa tatu mawingu yalianza kukaa juu ya milima ya Mau na kutotoka. Siku hiyo hiyo Kipkoech alimshinda Mama Shanta kwa mara ya kwanza. Ilikuwa tofauti ya pointi moja. Mpira wa mwisho ulikuja chini, pembeni kabisa, na kijiti chake kilikuwa kimeshafika pale, kinangoja. Tok. Ukarudi, Mama Shanta akaukosa.

"Mashine imechoka," alisema.

"Mashine haichoki, Mama," Gopal alisema kutoka mezani.

"Basi mimi nimechoka. Kesho."

Kipkoech hakusherehekea. Alikuwa ameegemea ukuta, anahema. Kuna jambo lilikuwa linamtafuna kwa siku nyingi, na sasa alilisema.

"Gopal, mimi nitamwambia Shabir amwachie Peterson kiti."

Gopal akaweka chini kifaa chake. "Umeshinda leo. Unasema nini?"

"Nimeshinda, ndiyo. Lakini nimeshinda karibu nizimie. Lori halikuwa zito hivi, naikumbuka kazi yangu. Kama baada ya miezi yote hii usukani bado unanitoa jasho namna hii, basi bega limerudi nusu. Nusu bega kwenye matope ya Keringet, nitaua watu."

Gopal, ambaye hakuwahi kuendesha lori maishani mwake, alimgeukia mama yake. Mama Shanta akaweka kisanduku chake chini.

"Mtu mgonjwa hapana weza shinda mimi," alisema. "Ukienda sema kwa Shabir wewe mgonjwa, nasema mimi nashindwa na mgonjwa. Sikubali. Enda na lori kwanza. Ukianguka, rudi useme."

Mvua ilinyesha siku mbili mfululizo. Siku ya tatu Shabir alitoka ofisini amevaa buti na koti la mvua, akamtupia Kipkoech ufunguo. "Leo naenda na nyinyi," alisema. Kipkoech alipanda upande wa kulia. Peterson akakaa katikati, tayari kuchukua usukani mambo yakiharibika, magoti yake yakiwa njiani kwa gia. Shabir akakaa dirishani. Lori lilikuwa tupu, linanguruma.

Akatoa klachi. Lori likaenda. Pale nje ya geti, kwenye kona, akakusanya nguvu zake zote alizozoea kuzikusanya mbele ya kile kioo, akavuta.

Lori liliruka kona kama mbuzi. Lilipita mahali lilipotakiwa kwenda, likaelekea moja kwa moja kwa mwenye mkokoteni wa miwa, ambaye aliuacha mkokoteni na kuruka mtaro. Kipkoech akarudisha usukani, na lori likaelekea upande mwingine. Akakanyaga breki. Wakasimama, pua ya lori ikinusa miwa.

"Nilisema," Peterson alianza. "Bwana Shabir, nilisema mimi."

"Nyamaza," Shabir alisema. "Kipkoech, nini?"

Kipkoech alikuwa anauangalia usukani. Aliuzungusha kidogo kushoto kwa vidole. "Mmefanya nini hii gari? Nani amelegeza usukani?"

"Hakuna mtu ameshika."

"Ni mwepesi. Bwana, ni mwepesi kama redio."

Shabir alikunja uso, kisha ukakunjuka polepole. "Ngoja," alisema. "Ngoja kidogo. Ile wiki ya kwanza ya mchezo yenu, Gopal alikuja yadi. Gari ilikuwa imejaa viazi, imesimama, hata injini haiwaki. Akapanda, akashika usukani, akavuta, akavuta, mpaka nikafikiri atapasuka. Nikamuuliza anafanya nini, akasema anapima."

Hata Peterson alielewa, maana hakuna dereva asiyejua kwamba lori lenye mzigo likisimama, usukani wake ni kama umejengewa simenti. Lazima magurudumu yatembee ndipo ulegee. Hilo kila dereva analijua. Fundi redio halijui. Na dereva mwenye bega bovu, aliyeketi miezi mbele ya uzito ule, alidhani ubovu ni wake.

Kipkoech akaanza kucheka. Alicheka mpaka akafuta macho kwa mkono wa kulia, na hakuona hata kwamba ni wa kulia.

"Mimi nimekuwa nikivuta gari iliyosimama," alisema. "Tangu mwezi wa pili. Gari iliyosimama na viazi."

"Basi sasa endesha hii inatembea," Shabir alisema. "Na lipa huyu mtu muwa moja imevunjika."

Njoro wakapita, Elburgon wakapita, ukungu wa Molo ukawapokea. Kipkoech alikuwa anauonja usukani, anajifunza upya kutumia nguvu kidogo. Alipofika Keringet alikuwa amemzoea mnyama wake. Watu walikuwa wanangoja na magunia chini ya turubai, na miongoni mwao Chepkemei, mke wake, na kibuyu cha maziwa ya mala yaliyoganda mkononi. Alikuwa amezoea kuona Peterson anashuka upande wa kulia. Alimtazama mumewe akishuka, akampa kibuyu.

"Ni wewe umeileta?"

"Ni mimi."

"Kunywa basi. Kuna matope mbele."

Chepkemei akawatangulia wapakizi, akawapangia magunia mwenyewe, na kila mtu aliyemuuliza jambo siku ile alijibiwa kwa sauti ya juu kidogo kuliko kawaida.

Walirudi na mzigo kamili. Kati ya Keringet na Molo kuna kilima ambacho madereva walikuwa na majina mengi ya kukiita, mengi hayaandikiki. Udongo mwekundu, mvua ikiushika unakuwa sabuni. Siku ile malori matatu yalikuwa yameshakwama, mawili pembeni, moja limelala ubavu mtaroni, na madereva wake wamekaa chini ya mti wanavuta sigara, wamekata tamaa. Katikati palibaki nafasi ya gari moja, na haikuwa nafasi ya kukosea.

"Shusha gia," Peterson alisema.

"Najua."

"Shusha sasa, sasa."

Kipkoech alishusha. Mkono wa kushoto kwenye gia, mkono wa kulia peke yake. Wakafika katikati ya kilima, nyuma ya lori ikateleza. Taratibu kwanza, halafu kwa haraka, mzigo wote ukivuta kuelekea mtaroni. Mkono wa Peterson ukaruka kushika usukani.

"Toa mkono," Kipkoech alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi.

Ukatoka. Kipkoech hakuufukuza mtelezo ule. Aliangalia lori linakwenda wapi, akapeleka usukani huko mapema, mkono wa kulia ukapanda, ukapita juu, ukafika mbele, ukakaza. Lori lenyewe lilikuwa zito sasa, zito kweli, na bega likaupokea uzito ule kama mtu anayepokea mgeni aliyemzoea. Likashika. Nyuma ikarudi mstarini. Gia ya pili haikulia hata kidogo. Lori likapanda, likanguruma, likawapita wale waliokwama mmoja baada ya mwingine, na wale waliokuwa chini ya mti wakasimama.

Mmoja akamtambua. "Kipkoech, si walisema umeisha?"

"Walisema," Kipkoech alijibu dirishani. Akapiga honi, ndefu, mpaka juu ya kilima, bila sababu yoyote ya maana.

Wakapita Molo, wakafika Elburgon. Hapo Peterson akakohoa.

"Hiyo debe ya mchanga," alisema. "Inakaa upande gani?"

"Kushoto."

"Mama yake Gopal anaruhusu mtu mwingine?"

"Ukikubali kuchekwa."

Yadi walifika jioni. Shabir alishuka, akazunguka lori kuangalia kama kuna mahali limekwaruzika, hakupaona. Kipkoech akampa ufunguo. Shabir akaurudisha.

"Kesho saa kumi na mbili," alisema, akaenda kunawa kwa ajili ya swala.

Mlangoni kwa Gopal, Mama Shanta alikuwa amesimama na mikono kiunoni. Gopal nyuma yake alikuwa na uso wa mtu aliyekwisha kusikia habari ya kipimo chake; mwenye miwa alikuwa ameieneza mtaa mzima.

"Gari imesimama," Gopal alisema. "Mimi ningejuaje?"

"Usiilegeze," Kipkoech akamwambia. "Hata kidogo."

"Maneno baadaye," Mama Shanta alisema. "Juzi ulishinda moja. Kuja, mimi bado nadai."

Kipkoech aliendesha lori lile mpaka mwaka wa themanini na tano, lilipouzwa kama vyuma. Alirudi Keringet akalima viazi. Mkono wake uliinuka wote, lakini bega lilimuuma kila mwezi wa saba kwa baridi. Peterson alipewa lori la pili ambalo Shabir alinunua mwaka uliofuata. Aliliendesha vizuri, akaacha akahamia Karagita, akawa dereva wa trekta kwenye mashamba ya maua. Shabir alifariki mwaka wa tisini na moja na wanawe waliuza yadi. Gopal alihamia Leicester kwa Madhu. Mama Shanta alikataa kwenda naye, akabaki Nakuru kwa mpwa wake, akafariki huko akiwa na miaka themanini na kitu. Mchezo wenyewe uliungua siku umeme ulipopanda ghafla, mwaka wa themanini, na haukupata spea. Meza ilichukuliwa na fundi viatu. Nabalayo alifungua hoteli ndogo Bondeni. Chepkemei yuko hai, anaishi Keringet na mtoto wake wa mwisho.